Makofi na hesabu: George Weah mbele ya wapigakura wa Liberia, 2005 hadi 2024

Vijana wa Monrovia mwaka 2005 walikuwa na kibwagizo kimoja cha kampeni. Kwa Kiswahili kinakuja hivi: awe kasoma, asiwe kasoma, kura yangu ni yake. Aliyekuwa akiimbwa ni George Weah, mwanasoka aliyetundika daluga miaka miwili tu nyuma, na sasa anautaka urais wa Liberia. Wasomi wa nchi ile walishika vichwa. Hadi leo kibwagizo kile kinatajwa kila unapozuka mjadala wa wanamichezo, waigizaji na waimbaji kugombea uongozi. Kinatolewa kama ushahidi kwamba mtu wa kawaida ukimwonyesha sura anayoipenda, akili yake inalala.

Sikubaliani na ushahidi huo. Nimekipitia kisa cha Weah tangu uchaguzi ule wa kwanza mpaka siku alipotoka madarakani na hata baada yake, na naamini waliokosea zaidi si walioimba. Kosa la uraia katika kisa hiki limekaa mahali pasipo na kelele. Limo katika miaka mitatu ambayo wachache sana waliitazama, na katika watu karibu milioni moja waliojiandikisha kisha siku ya kura wakabaki nyumbani.

Kibwagizo kilikotoka

Weah alizaliwa mwaka 1966 na kulelewa na bibi yake Clara Town, mtaa wa mabanda ndani ya Monrovia. Mwaka 1988 alikwenda Monaco, kutoka hapo Paris Saint-Germain, kisha AC Milan. Mwaka 1995 alipewa Ballon d'Or, tuzo kubwa kuliko zote kwa mwanasoka mmojammoja, na mpaka leo hakuna Mwafrika mwingine aliyeipata. Wakati anapanda jukwaani kuipokea, kwao kunaungua. Vita vilivyoanza mwishoni mwa 1989 vilikuja kusimama, vikawaka tena 1999, vikaisha 2003, na idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni watu 250,000. Katika miaka hiyo Weah alikuwa akitoa fedha zake mfukoni kuiendesha timu ya taifa, Lone Star, kuanzia safari hadi posho za wachezaji. Timu ikafika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1996 na tena 2002. Serikali ilikuwa imekufa, kila kundi lenye bunduki linajiita serikali, na kitu pekee kilichobaki kikiitwa Liberia bila ugomvi ni wachezaji 11 na huyu anayewalipia nauli.

Kwa hiyo mtu anayesema vijana wale walimpenda kwa sababu ya mabao tu, anasema nusu ya habari.

Nusu ya pili inaanzia mwaka 1997. Uchaguzi wa mwaka ule alishinda Charles Taylor, mbabe wa vita, kwa asilimia 75 ya kura. Waliompigia nao walikuwa na kibwagizo: kaniulia mama, kaniulia baba, kura yangu ni yake. Mgeni akiyasikia maneno hayo anadhani watu wamerukwa na akili. Waliokuwepo wanaeleza vingine. Kila mtu alijua Taylor akishindwa atarudi msituni, na kura ile ilikuwa bei ya kununua usingizi. Usingizi wenyewe haukudumu hata miaka miwili.

Sasa viweke vibwagizo hivi viwili pamoja. Muundo ni uleule, mwisho uleule. Kilichobadilika ni kile mpigakura anachokubali kukisamehe. Mwaka 1997 alisamehe damu kwa sababu ya hofu. Mwaka 2005 alichotakiwa kusamehe ni kukosa shahada. Ukikumbuka kwamba Taylor alikuwa na shahada ya uchumi kutoka chuo cha Marekani, na kwamba Samuel Doe aliyempindua rais mwaka 1980 alikuwa sajenti mwenye elimu ndogo, unaona kwamba Waliberia walikuwa wameshatawaliwa na aliyesoma na asiyesoma, na wote wawili waliwaachia makaburi. Mgombea asiye na damu mikononi, mwenye mali aliyoipata kwa jasho ambalo dunia nzima iliona likimtoka, hakuwa chaguo la kijinga. Hata katiba yao ya 1986 haitaji cheti. Inamtaka mgombea urais awe Mliberia wa kuzaliwa, awe na umri usiopungua miaka 35, na amiliki mali isiyohamishika yenye thamani ya dola 25,000.

Wangelikomea kwenye hoja hiyo ningewaunga mkono moja kwa moja.

Swali la cheti lilivyowapoteza wote

Kampeni ya 2005 iligeuka kuwa kesi ya shule. Upande mmoja Ellen Johnson Sirleaf, mwenye shahada ya uzamili ya Harvard, aliyewahi kuwa waziri wa fedha na kufanya kazi Benki ya Dunia na Umoja wa Mataifa. Upande wa pili Weah, ambaye shahada aliyoitaja ilionekana kutoka chuo kisichotambuliwa na mamlaka yoyote ya elimu. Wapinzani wakaikamata ile shahada na hawakuiachia. Mashabiki nao wakajibu kwa kile kibwagizo, kwa hasira na kwa fahari. Naielewa hasira yao. Kumwambia kijana ambaye shule yake ilichomwa moto akiwa na miaka tisa kwamba asiyesoma hafai kuongoza, ni kumwambia yeye mwenyewe kwamba hafai.

Lakini angalia mjadala ule ulichokifukuza mezani. Hakuna aliyebanwa aseme waziri wake wa fedha atakuwa nani. Nani wanaokaa na Weah usiku wakipanga, na wao wanataka nini? Bajeti ya nchi ilikuwa ndogo kuliko ya miji mingi ya kawaida duniani, je, ataipeleka wapi kwanza? Haya ni maswali ambayo mama asiyejua kusoma anaweza kuyauliza vizuri kuliko profesa, maana ndiye ameishi na majibu yake. Cheti kiliwapa wasomi njia rahisi ya kudharau, kikawapa mashabiki njia rahisi ya kujitetea, na pande zote mbili zikaenda kupiga kura bila kumhoji mtu.

Duru ya kwanza, tarehe 11 Oktoba 2005, Weah aliongoza wagombea 22 kwa asilimia 28.3. Sirleaf alifuata kwa 19.8. Kati ya duru ya kwanza na ya pili, iliyofanyika Novemba 8, jina la Sirleaf lilibebwa na kazi ya wanawake iliyokuwa imeanza miezi mingi kabla, na hapa nasimama kidogo kwa sababu ni kati ya mambo machache katika kisa hiki ambayo mtu anaweza kuyafanya kwa mikono yake.

Wakati wa kujiandikisha, wanawake wa vikundi vile vilivyokuwa vimekesha barabarani wakidai amani mwaka 2003 waligundua kwamba wenzao wa sokoni hawaendi kujiandikisha. Sababu haikuwa uvivu. Muuza sokoni akiiacha meza yake kwa nusu siku, watoto hawali. Basi wakaenda sokoni wakawaambia: nenda kajiandikishe, meza yako naishika mimi, na mtoto huyo nipe nimbebe. Sijui kazi ya uraia iliyo safi kuliko hii. Haikumwambia mtu ampigie nani. Iliondoa tu kile kilichomzuia kufika kituoni.

Ipo na sura nyingine ya juhudi zile. Baada ya uchaguzi, wapo akina mama waliosimulia waziwazi, wakicheka, kwamba walizificha kadi za kura za watoto wao wa kiume au kuwarubuni vijana waziuze, ili kura za Weah zipungue. Watu wanaihadithia kama ujanja wa kupendeza. Mimi naiona kuwa doa. Ukimnyima mtu mzima kura yake kwa sababu unadhani ataitumia vibaya, umefanya jambo lilelile la wababe wa vita, tofauti ni kwamba hukushika bunduki. Na kijana aliyeibiwa kadi na mama yake hakujifunza kuchagua vizuri zaidi. Alijifunza kwamba wakubwa huamua.

Sirleaf alishinda kwa asilimia 59.4 na kuwa mwanamke wa kwanza barani Afrika kuchaguliwa rais. Wafuasi wa Weah waliingia mitaani wakisema wameibiwa, na mwezi Desemba yeye mwenyewe akaachana na malalamiko. Mwaka 2011 aligombea kama mgombea mwenza wa Winston Tubman. Chama chao kikasusia duru ya pili na waliojitokeza kupiga kura wakashuka chini ya asilimia 40. Kati ya chaguzi hizo mbili alikuwa amerudi shule na kupata shahada ya utawala wa biashara Marekani. Suala la cheti likafa. Hakuna lililochukua nafasi yake.

Miaka mitatu iliyokuwa wazi

Kwangu hapa ndipo penye uzito wa kisa kizima.

Desemba 2014, Liberia ikiwa bado katikati ya Ebola, ulifanyika uchaguzi wa maseneta. Watu walisimama foleni kwa kuachana, wakapimwa joto la mwili kabla ya kuingia, wakanawa mikono. Kwa hali hiyo, kwenda kupiga kura kulikuwa ujasiri. Weah aligombea kaunti ya Montserrado, yenye Monrovia ndani yake, akipambana na mtoto wa rais, Robert Sirleaf. Akashinda kwa takriban asilimia 78.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na kazi ya umma ya kuchaguliwa. Kazi ya seneta haina siri: anatunga sheria, anapitisha au kukataa bajeti, anawathibitisha mawaziri na majaji, anaihoji serikali. Aliifanya kuanzia mwanzoni mwa 2015 hadi alipokuwa rais mwaka 2018. Miaka mitatu. Katika muda huo wakosoaji wake walilalamika kwamba kiti chake kilikuwa kitupu mara nyingi na kwamba miswada yenye jina lake ilikuwa michache mno. Walilisema hadharani, magazetini na redioni. Anayetaka kujua alikuwa na pa kuanzia.

Mgombea mwenye jina kubwa huwa mgumu kupimwa kwa sababu hajawahi kushika kazi inayofanana na anayoiomba. Unabaki kukisia: labda aliyejitahidi uwanjani atajitahidi ofisini, labda sivyo. Weah aliwapa wapigakura wake kitu ambacho nyota wengi hawakitoi, nacho ni jaribio. Walikuwa na miaka mitatu ya kumwona akifanya kazi yenyewe. Na hawa ni watu wanaojua mpira. Wanajua kocha hampangi mchezaji kwa sababu ya bao alilofunga Milan mwaka 1996, anampanga kwa alivyocheza mechi tano zilizopita. Kipimo hicho walikuwa nacho vichwani mwao. Siku ya kumpima seneta wao hawakukitoa.

Sisemi hivi kuwalaumu kwa raha. Kufuatilia seneta ni kazi yenye gharama. Anayeamka alfajiri kutafuta riziki hana siku ya kukaa kwenye ukumbi wa Bunge akihesabu waliohudhuria. Ndiyo maana naliweka jukumu hili kwa watu wakiwa pamoja: kikundi cha mtaa, kanisa, msikiti, chama cha madereva, redio ya jamii. Mmoja anatumwa, anarudi na taarifa. Maswali manne yanatosha. Alihudhuria mara ngapi, alileta muswada gani, bajeti aliipigia kura ya ndiyo au hapana na kwa nini, na alirudi kwa waliomtuma mara ngapi. Tena jukumu hili linawahusu zaidi wanaompenda kuliko wanaompinga. Mpinzani akisema seneta haonekani, anaonekana ana chuki. Shabiki akilisema, linasikika.

Uchaguzi wa 2017 ukaja. Sirleaf alikuwa amemaliza vipindi vyake viwili, na makamu wake Joseph Boakai alibeba lawama za miaka 12 yote. Neno la kampeni lilikuwa mabadiliko. Duru ya pili ilifanyika Desemba 26, 2017 baada ya kucheleweshwa na kesi Mahakama ya Juu. Weah alipata kura 732,185, Boakai 457,579. Kati ya watu zaidi ya milioni mbili waliojiandikisha, wanaokaribia milioni moja hawakwenda. Naomba uzishike namba hizi, tutazihitaji.

Uwanja mzima umesimama

Weah aliapishwa Januari 22, 2018 katika uwanja wa mpira wa taifa, mbele ya majukwaa yaliyojaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1944 kwa rais mmoja aliyechaguliwa kumkabidhi mwingine kwa amani. Kulifurahia jambo hilo ilikuwa haki ya kila Mliberia.

Wiki moja baadaye alilihutubia Bunge na kutangaza kwamba anapunguza mshahara na marupurupu yake kwa asilimia 25. Makofi yakapigwa nchi nzima, na mbali zaidi ya Liberia. Nakumbuka habari ile ilivyosambazwa kwa furaha na watu ambao hawajawahi kuijua bajeti ya nchi hata moja. Hatua ilikuwa njema. Swali la mwananchi, baada ya makofi, lingekuwa: ofisi yenyewe ya rais imetengewa kiasi gani mwaka huu, na mwaka jana ilikuwa kiasi gani? Mshahara wa mtu mmoja ni tone. Sikulisikia swali hilo likiulizwa kwa nguvu. Mwaka uliofuata serikali ilipanga upya mishahara ya watumishi wa umma, na wengi wao wakaona yao ndiyo imepungua.

Machi 2018, kwenye mkutano na waandishi wa habari akiwa na Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, mwandishi wa BBC alimuuliza Rais kuhusu mahakama ya kuwashtaki wahalifu wa vita. Lilikuwa swali la kazi. Weah akamjibu mwandishi kwamba enzi zile yeye anapigania haki, mwandishi huyo alikuwa kinyume chake. Nimelitafakari jibu hilo sana. Mchezaji huzoea dunia yenye aina mbili za watu, wa kwetu na wa timu pinzani. Anayeuliza swali hana jukwaa lake pale uwanjani, kwa hiyo anahesabiwa kuwa wa timu pinzani. Rais akiwa na tabia hiyo, kinachoweza kumrekebisha ni watu wake wenyewe kumwambia: tunakupenda, mjibu. Wengi walifanya kinyume, wakamgeukia mwandishi.

Kisha Septemba 2018. Tarehe 11 Weah, Rais wa nchi mwenye miaka 51, aliingia uwanjani kucheza mechi ya kirafiki dhidi ya Nigeria, iliyoandaliwa kuistaafisha jezi yake namba 14. Alitoka dakika ya 79, uwanja mzima umesimama unampigia makofi. Mwezi huohuo nchi ililipuka kwa habari kwamba makontena yenye noti mpya za karibu dola bilioni 16 za Liberia yametoweka. Watu wakaandamana wakidai fedha zao zirudishwe.

Maandamano hayo yalikuwa haki yao, na ninayaheshimu. Ila yana funzo gumu ambalo wapinzani wa Weah hawapendi kulisikia. Kampuni ya Kroll ilipoletwa kuchunguza, ripoti yake ya Februari 2019 haikukuta ushahidi wa kontena lililopotea. Ilichokikuta ni kibaya kwa namna nyingine: Benki Kuu ilichapisha noti bila idhini kamili ya Bunge, noti zikachapishwa zaidi ya zilizoagizwa, na kumbukumbu hazikuwa zikioana. Tena sehemu ya uchapishaji huo ilianza enzi za Sirleaf. Umma ulikuwa umeuliza kontena liko wapi, wakati penye ugonjwa ni kwenye daftari. Ripoti ilipotoka, serikali ikashika sentensi ya kontena na kusema mnaona, hakuna kilichoibwa. Mwananchi akiishika tetesi kubwa kupita ukweli, anampa mtawala mlango wa kutokea. Kero halisi ilikuwa imeandikwa pale pale kwenye ripoti, ila haikuwa na mvuto wa kontena.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Bei zilipanda vibaya mwaka 2019. Juni 7 mwaka huo maelfu walijaa barabarani Monrovia na mitandao ya kijamii ikafungwa siku hiyo. Julai, uchaguzi mdogo wa kiti cha seneti huko huko Montserrado, ngome ya Weah, ukachukuliwa na mpinzani, Abraham Darius Dillon. Desemba 2020 wapigakura waliitwa kwenye kura ya maoni ya kubadili katiba, ukiwemo mpango wa kupunguza muhula wa urais kutoka miaka sita hadi mitano. Wengi wakahofu kwamba hesabu ya mihula itaanzishwa upya. Mapendekezo hayakupita, na siku hiyohiyo upinzani ukazoa viti vingi vya seneti. Agosti 2022 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo maofisa watatu wa juu wa serikali kwa tuhuma za rushwa. Weah aliwasimamisha kazi, na mwezi uliofuata wakajiuzulu. Mwishoni mwa mwaka huo alikuwa nje ya nchi kwa zaidi ya wiki sita, na sehemu ya safari hiyo ilikuwa Qatar, alikokwenda kumtazama mwanawe Timothy akiichezea Marekani Kombe la Dunia. Baba yeyote angetaka kuwepo. Rais wa nchi ambayo mshahara wa mwalimu unachelewa ana hesabu nyingine ya kupiga.

Haki yake nayo nimpe. Aliondoa ada kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya umma. Nchi haikurudi vitani hata siku moja.

Namba za 2023

Duru ya kwanza, Oktoba 10, 2023: Weah asilimia 43.83, Boakai 43.44. Duru ya pili, Novemba 14: Boakai kura 814,481, Weah 793,914. Tofauti ni kura 20,567.

Maelezo yaliyozagaa ni kwamba mashabiki waliamka, wakamchoka nyota wao. Rudi kwenye zile namba za 2017. Weah alishinda kwa kura 732,185. Mwaka 2023 alishindwa akiwa na kura 793,914. Alipata kura zaidi ya 61,000 juu ya zile zilizompa urais! Ngome yake haikubomoka. Kura za Boakai ndizo zilizopanda, kwa karibu 357,000.

Zilitoka wapi? Kura ni siri, hatuwezi kumfuata mtu mmojammoja. Daftari lenyewe lilikua hadi kufikia karibu watu milioni mbili na nusu, wengi wakiwa vijana wanaopiga kura kwa mara ya kwanza. Waliojitokeza duru ya pili walikuwa kama theluthi mbili ya waliojiandikisha, wakati 2017 walizidi nusu kidogo tu. Na ipo Nimba, kaunti yenye watu wengi, ambako Prince Johnson, aliyekuwa kiongozi wa kundi la wapiganaji, alimuunga mkono Weah mwaka 2017 kisha akahamia kwa Boakai, ambaye alimchukua mgombea mwenza kutoka hukohuko. Sifurahii kwamba neno la mtu kama yule lilikuwa bado linahamisha kaunti nzima. Ushabiki wa mbabe wa vita ni mzito kuliko wa mwanasoka, na haujadiliwi hata robo ya huu mwingine.

Hata ukiitoa Nimba, jambo moja linabaki. Nyota aliingia kwa sababu waliokuwa na mashaka naye walikaa nyumbani. Alitoka waliposimama kwenye foleni. Miaka sita ya kuwasema mashabiki, kuwaita wajinga, kuwacheka kibwagizo chao, haikumpunguzia Weah wapigakura. Iliwafanya waongezeke.

Liberia huhesabu kura palepale zilipopigwa. Karatasi inafunguliwa, inainuliwa ionekane, jina linatajwa, mawakala wa vyama wanaandika, na jumla inabandikwa mlangoni. Mwaka 2023 vyumba vya kupigia kura vilikuwa karibu 5,900. Gawanya kura 20,567 kwa vyumba hivyo, hazifiki nne kwa chumba.

Usiku wa Novemba 17, kabla tume haijamaliza kutangaza, Weah alimpigia Boakai simu kumpongeza, kisha akaongea redioni. Alisema wananchi wa Liberia wamesema na sauti yao imesikika, na kwamba ukaribu wa kura unaonyesha mgawanyiko mkubwa nchini. Katika miaka yake sita, huo naona ulikuwa usiku wake bora.

Boakai aliapishwa Januari 2024. Julai mwaka huo naye alitangaza anapunguza mshahara wake, safari hii kwa asilimia 40, kutoka dola 13,400 za Marekani hadi 8,000 kwa mwezi. Wapo waliompigia makofi. Wengine, siku hiyohiyo, waliuliza kuhusu posho zake za kila siku na matibabu yake, na kwa nini ofisi ya rais imetengewa karibu dola milioni tatu mwaka ule.